Waliogombania Majivu Karibu na Rumangabo

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya kitabu. Si Kitabu Kitakatifu, ambacho kimenitembeza vya kutosha katika miaka yangu ya ukatekista, bali hadithi ya ngome, wapanda farasi na joka. Iliandikwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Rumangabo. Aliitoa fotokopi, akaanza kuwasomea wanafunzi wake sura moja moja kila Ijumaa. Ninyi wana-shirika wa Mabanga, jumuiya yetu ndogo ya kanisa hapa Goma, mnajua jinsi Padri anavyonituma kila penye maneno mengi. Aliniita nyuma ya kanisa baada ya misa, akanitia zile karatasi mkononi.

"Muzee, wazazi wa kule wamezuia hadithi hii isisomwe tena kalasini," alisema. "Wanasema inawatukana. Jumamosi komite yao itakaa. Wakiamua vibaya, mwalimu hatarudi shuleni mwezi huu wa tisa."

"Inamtukana nani, Padri?"

"Hapo ndipo sielewi. Kila anayenipigia simu anataja watu wengine. Nenda usikilize. Usihubiri."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Muzee. Nakujua."

Siku hiyo nilikaa penye mwanga mzuri nikazisoma karatasi zote. Mji wa hadithi umezungushiwa ukuta wa mawe meusi. Ndani yake yuko mfalme mzee, wako mashujaa waliovaa chuma mwili mzima, na juu ya mlima limelala joka. Zamani joka hilo liliamka, likachoma nchi ya upande wa pili, na waliobaki hai wakaja kugonga lango. Wenyeji wakawaita watu wa majivu. Waliruhusiwa kuingia, lakini kwa mlango mdogo, na walinzi wakiwakagua kucha. Walichota maji wakati wengine wote wamekwisha kuchota. Tena katika mji ule kila mwenye nyumba huonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni ajue kwamba hakuna sumu. Lakini kwa mtu wa majivu hakuna aliyejisumbua kuonja. Alipewa kikombe, akaangaliwa. Katikati ya yote yuko binti mmoja wa majivu, Sira, mfua chuma. Farasi wa mfalme hawaendi vitani mpaka yeye awapigilie viatu, na bado anaingilia mlango mdogo.

Nilipofika mahali walinzi wanapowaambia watu hao wabebe soko lao warudi nalo walikotoka, niliweka karatasi chini. Mimi ni mzaliwa wa Lubero. Baba yangu alifika Goma na magunia ya maharage, na maneno ya namna hiyo aliyasikia. Nikasema moyoni: mwalimu huyu ametuandika sisi Wanande, watu wa Lubero. Nilisafiri na uhakika huo, na sikuona sababu ya kuukagua.

Ijumaa asubuhi, Mabanga. Nilipanda moto, yaani pikipiki, ya Faustin, baba wa watoto wawili ambaye hunipeleka kila ninapotumwa. Nilikuwa na koti, mfuko mdogo, na zile fotokopi nimezifunga kwenye plastiki kwa sababu ya mvua.

"Muzee, shika chuma cha nyuma," alisema. "Usinishike mimi. Nasikia mtekenyo mbavuni."

Tulipanda taratibu kuelekea kaskazini. Chukudu, zile baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, zilikuwa zinateremka kwa kasi kutuelekea, zimebeba makaa na mbao, vijana wamepiga goti juu yake, wakipiga kelele ili watu wapishe njia. Nimeishi na chukudu maisha yangu yote, lakini asubuhi ile, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusoma habari za wapanda farasi, niliwatazama vijana wale kwa jicho lingine. Nao wana mnyama wao wa mti, na huwezi kumwambia mmoja wao auze chukudu yake.

Kufika Kibati, mvua ilitushika. Tulijificha chini ya mabati ya mama mmoja anayeuza chai na mandazi, jiwe jeusi la volkano likichuruzika maji pembeni yetu. Faustin aliniomba nimsimulie hadithi, nikamsimulia.

"Sasa lile joka njo Nyiragongo, njo volkano yetu," alisema.

"Hakuna mahali palipoandikwa hivyo."

"Muzee, kitu kinalala juu ya mlima, kinaamka, kinachoma nyumba, watu wanakimbia na magodoro. Mimi nilikimbia na godoro. Wale watu wa majivu ni sisi watu wa Goma. Tulipokimbilia upande ule wa ziwa, tulilala nje, wenye nyumba wakituchungulia kwenye pazia."

Mama wa chai alimjazia kikombe bila kuulizwa. "Hata mimi nilikuwa huko," alisema.

Nilicheka kidogo, nikaona ni mawazo ya dereva. Sikuhesabu kwamba tayari tulikuwa makundi mawili yaliyojiona katika majivu yale yale.

Baada ya Kibumba, ambako mashamba ya kabichi yanashuka mpaka barabarani, tulikuta kizuizi. Mwanamume mwenye koti la mvua aliuliza ninatoka wapi, ninakwenda kwa nani, na baba yangu alikuwa mtu wa wapi. Nilijibu yote matatu. Kisha akaona plastiki.

"Hiyo ni siasa?"

"Ni hadithi ya joka."

Alifungua, akasoma akiwa amesimama, akageuza ukurasa, akasoma tena. Pikipiki nyingine zilianza kupanga foleni nyuma yetu. Mwishowe alinirudishia.

"Huyu binti wa chuma," aliuliza, "mwisho wanamufungulia ile mlango kubwa?"

"Mwisho haujaandikwa."

"Mwambie mwandikaji afanye haraka," alisema, akainua mti wa kizuizi.

Saa za mchana tulipita Rumangabo, miti mikubwa ya hifadhi ikitupa baridi yake, na mbele kidogo tukaingia kijijini. Padri alikuwa amepanga nilale kwa Mama Kavira, mjane, mkulima, mjumbe wa komite ya wazazi. Faustin aliniacha hapo, tukaagana mpaka Jumapili. Mama Kavira alinipokea kwa Kinande, akanikalisha penye kiti kizuri, akaleta viazi na maharage mekundu mazito. Alinisubiri nimalize kula. Halafu akakunja mikono.

"Papa, wewe ni wetu, utaelewa. Soma mwenyewe. Wale watu wanabeba mizigo na kamba kwenye kipaji cha uso, wanapanda mlima na baridi, wanauzisha chumvi. Halafu wanaambiwa warudi kwao na soko lao. Nani anabeba na kipaji? Njo sisi. Nilizaa watoto sita hapa, na mwalimu anatuandika na kucha chafu."

"Lakini, Mama, katika hadithi wenye makosa ni walinzi. Watu wa majivu wanasemwa kwa huruma."

"Sitaki huruma. Nataka asiniandike."

Ilinifurahisha kwamba tulisoma sawa, na ilinisumbua kwamba mimi nilishukuru kuandikwa na yeye alikasirika.

Jioni kabla ya giza nilikwenda kumsalimu Papa Bizimana, mwenyekiti wa komite. Yeye ni mfugaji, mtu mrefu wa maneno machache, na nyumbani kwake husemwa Kinyarwanda. Alikuwa anafunga ndama. Alinisalimu vizuri, lakini alipozungumza hakunizungusha.

"Nilisikia Padri anatuma muzee wa kusikiliza. Nikauliza ni wa wapi. Wakasema Munande, na analala kwa Kavira."

"Ni kweli."

"Basi umekwisha kusikiliza."

"Bado, Papa. Nimesikiliza nusu."

Alinitazama, akacheka kwa pua, akavuta benchi. Mke wake alileta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika kibuyu. Papa Bizimana alimimina kidogo, akanywa yeye kwanza, akafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, akanipa.

"Umeona?" alisema. "Kuonja. Hiyo ni desturi yetu, ya baba na babu. Mwalimu ameitia kwenye kitabu, na ni sisi tunaonyimwa. Halafu wale walinzi wanasema: bibi yako amezikwa wapi, onyesha kaburi. Papa, mimi nimeulizwa hivyo. Na shahada ya ubatizo mkononi, nimeulizwa hivyo."

"Kwa hiyo watu wa majivu ni ninyi."

"Ni nani mwingine?"

Kasiksi ilikuwa nzuri. Nilikunywa polepole, maana nilitaka muda wa kufikiri. Kwa baba yangu Lubero pia hakuna aliyempa mgeni kinywaji asichokionja. Nilidhani ni desturi yetu, kama yeye alivyodhani ni yao. Sikumwambia. Padri alikuwa amenikataza kuhubiri, na hata jambo dogo kama hilo lingekuwa hubiri.

Jumamosi, jua likiwa limepanda vizuri, tulikusanyika katika kalasi ya tano. Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto. Ukutani zilibandikwa picha ambazo wanafunzi walichora kutokana na hadithi. Hakuna mtoto wa huko aliyewahi kumwona farasi, na kwa hiyo farasi wa mfalme walikuwa na pembe ndefu, na mmoja alikuwa anakamuliwa.

Mwalimu aliketi mbele karibu na mlango. Anaitwa Zawadi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alinisalimu kwa kuinama kidogo, na katika maneno yake machache nilisikia Kiswahili kisicho cha huku. Sikuuliza.

Direktere wa shule alifungua kwa sala, kisha akasema jambo lililotuleta ni moja: mwalimu aendelee au aondoke. Papa Bizimana alisimama, akaeleza malalamiko ya kaburi na kuonja. Kabla hajamaliza, Mama Kavira alikuwa amekwisha kusimama.

"Subiri, Papa Bizimana. Unalalamika juu ya watu wa majivu?"

"Juu yao."

"Wale ni sisi."

"Hapana, Mama. Wale ni sisi."

"Wenu tangu lini? Umesoma ukurasa wa kwanza? Kamba kwenye kipaji. Wewe umewahi kubeba hata kiazi kwenye kipaji?"

"Na wewe nani amekuuliza kaburi la bibi yako?"

"Wameniuliza mara ngapi kule Goma sokoni!"

"Majivu ni yetu," alisema Papa Bizimana, kwa utulivu, kama mtu anayetaja mpaka wa shamba.

Mzee mmoja wa nyuma alikohoa. "Ingekuwa nyama ningeelewa," alisema. "Majivu mnagombania ya nini?"

Watu walicheka, hata waliokasirika. Lakini kicheko hakikumsaidia mwalimu. Direktere alisema kwamba, kama ni hivyo, basi kitabu kimetukana pande mbili, na kosa ni mara mbili. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Nilimwona Zawadi akikusanya karatasi zake na kuzinyoosha kwenye magoti, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mdomoni nilikuwa na somo zima tayari, lile la kuwakaribisha wageni, na pointi zake. Nilimeza.

Aliyesema ni mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha, dada wa mke wa Papa Bizimana. "Lakini aliyeandika si yuko hapa? Mwalimu, tuambie wewe. Ni nani?"

Zawadi alisimama.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyeelewa, na yeye akaona hivyo.

"Mimi natoka Kindu, mbali na huku. Mizigo kwenye kamba niliiona kwenu, Mama Kavira, nikaipenda, nikaiandika. Kuonja niliona kwa Papa Bizimana, na kwa Mama Kavira pia, kwenye matanga na kwenye ndoa. Vitu ni vyenu. Lakini yule anayepewa kikombe na kuangaliwa ni mimi."

"Sisi?" Mama Kavira alisema. "Tulikunyima kinywaji? Mwalimu, kila ndoa ya kijiji hiki umeketi mbele. Umepewa chupa ya Fanta, imefungwa na kifuniko chake. Sisi wengine tunanywa kibuyu. Chupa ni heshima."

"Ndiyo, Mama. Heshima ya mgeni. Huu ni mwaka wa tatu."

Alionyesha kwa mkono, kutoka dawati hadi dawati.

"Kibuyu kinapita," aliendelea. "Huyu anaonja, anampa huyu. Kinafika kwangu, kinaniruka, kinaendelea kwa mwingine. Mimi nabaki na chupa ambayo hakuna aliyeionja, kwa sababu imefungwa kiwandani. Sikuchukia. Nilikuwa natamani tu. Kwenye bomba la maji watoto wanasema, 'Mupisheni mwalimu mukuyakuya achote.' Wananipisha, Mama, ni watoto wazuri. Lakini wanasema hivyo."

Kwa wasomaji wasio wa huku niseme kwamba mukuyakuya ni yule aliyekuja tu, asiye wa mahali. Kuja huku kwetu hutamkwa kuya, na neno limerudiwa mara mbili, kana kwamba mtu huyo yuko njiani bado, anakuja na kuja, hafiki. Ni neno tunalorushiana Goma nzima, na mara nyingi tunacheka tunapolirusha. Siku ile sikuona cha kuchekesha ndani yake.

Papa Bizimana alitazama mikono yake. Nilidhani Mama Kavira atakasirika zaidi, kwa kuwa alikuwa amekunja uso sana. Lakini alikuwa anafikiri jambo lake.

"Mwalimu," aliuliza, "maharage unanunuaka wapi?"

"Kwa soko, Mama."

"Kwa nani?"

"Kwako."

Mzee wa nyuma alicheka mpaka akashika dawati. Mama Kavira hakucheka. Aligeuka akawatazama wazazi wote, mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia jikoni mwake akakuta kitu kimeungua.

"Kijiji cha wakulima," alisema, "na mutu anaishi ndani ananunua maharage. Na hakuna aliyeuliza. Hata mimi, ninayemuuzia."

"Ninayo sehemu chini ya mikaratusi," alisema Papa Bizimana. "Haina kazi msimu huu. Alime pale."

"Chini ya mikaratusi? Maharage hayatoki chini ya mikaratusi, Papa. Ile miti inakunywa maji yote. Unampa mawe. Atalima kwangu, karibu na mto."

"Kwako mto unafurika."

"Ulifurika mara moja."

"Mama, ng'ombe zangu zinapita hapo kila siku. Najua udongo wa mto kuliko wewe."

"Njo sababu hapafai, ng'ombe zako zinapita."

Waliendelea hivyo mpaka jua likasogea dirishani. Wengine waliingilia, huyu akataja jembe, huyu mbegu, huyu akasema kwamba mwalimu hajui kulima na itabidi afundishwe. Zawadi alikuwa bado amesimama. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba kwao Kindu alilima mihogo na mpunga, na hakuna aliyemsikia. Direktere aliniuliza kama nina neno. Nilisema sina. Aliuliza tena kama wapige kura juu ya mwalimu. Mama Kavira alimjibu bila kugeuka: "Kura gani? Mutu anapanda wiki ijayo." Mkutano ukaishia hapo, na sala ya mwisho tuliifanya tukiwa njiani kwenda kuangalia udongo.

Jumapili baada ya misa, Faustin alikuja kunichukua. Njia nzima ya kurudi aliniuliza kilichoamuliwa, nami nilimweleza mpaka Kibumba. Nilimwambia kwamba hata madai yake juu ya watu wa Goma yaliongezeka kwenye rundo.

"Sasa nani mwenye haki, Muzee?"

"Nadhani wote walisoma vizuri."

Alikwepa shimo la barabara. "Na wale walinzi wa mlango? Wao ni nani?"

Hilo ndilo nililoleta nyumbani, ndugu zangu. Kutoka Mabanga hadi kijiji kile, na kurudi, nilikutana na watu wengi waliojitambua katika majivu: mimi mwenyewe, Faustin, mama wa chai, Mama Kavira, Papa Bizimana. Sikukutana na hata mmoja aliyeniambia, Muzee, yule mlinzi anayekagua kucha ni mimi. Tunakumbuka vizuri kila mlango mdogo tulioingizwa. Ile tuliyoisimamia wenyewe hatuikumbuki, hasa tulipowapa wageni chupa nzuri na kiti cha mbele. Sisemi haya kwa kulaumu. Moyo wa mtu umeumbwa hivyo, na Mungu anauvumilia, naye ana subira kuliko sisi. Lakini tangu siku hiyo, ninapomkaribisha mtu, najiuliza kama namheshimu au namweka mbali, na mara nyingine sijui jibu.

Padri aliponiuliza kama bado wanagombana, nilimwambia ndiyo.

"Juu ya kitabu?"

"Juu ya shamba. Mwishowe walimpa yote mawili, la mikaratusi na la mto, kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa."

Masomo yalipokwisha kuanza, na mvua zimeshika, nilimpigia Mwalimu Zawadi simu. Shirika letu lilikuwa limemaliza kusoma fotokopi, na akina mama walitaka kujua kama Sira atafunguliwa lango kubwa. Niliuliza sura inayofuata itafika lini.

"Muzee, uniombee radhi kwao," alisema. Alikuwa anahema, na nyuma yake nilisikia sauti ya Mama Kavira ikimwambia kwamba hivyo sivyo jembe linavyoshikwa. "Watoto nao wananidai kila Ijumaa. Lakini mashamba mawili, Muzee, na mvua hii. Sijashika kalamu mwezi mzima. Niko napalia."

Nilipeleka habari hiyo kwa Padri. Alicheka, kisha akavua kofia yake, na pale nyuma ya kanisa tulimshukuru Mungu kwa magugu.